Historia ya Sanaa Chuo Kikuu: Mwanetu wa Naipingo Ananyimwa kwa Hoja Ipi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu yale asiyoyajua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, jambo tunalolieleza leo limetokea kwetu, nasi tulikuwepo. Katika kata ya Naipingo, wilayani Nachingwea, kijana mmoja wa Kiislamu alichaguliwa kujiunga na chuo kikuu kusomea sanaa, na somo lake la kwanza la lazima lilikuwa misingi ya historia ya sanaa. Ilikuwa mwanzoni mwa msimu wa korosho, wakati ambao waumini hujitolea kidogo kidogo kuwachangia vijana wanaokwenda vyuoni. Yule aliyechaguliwa kusomea biashara alichangiwa bila ya swali. Huyu wa pili lilipotajwa jina la masomo yake, kikao kiliguna. Mmoja akasema, "Huyu anakwenda kujifunza masanamu." Mwingine akaongeza kuwa masomo hayo hayana ajira wala thawabu. Mchango ukafungwa. Baba yake, ambaye hakuwa na njia nyingine, aliuza korosho zake kwa kangomba zikiwa bado maua mtini, kwa bei ambayo kila mkulima wa Nachingwea na Ruangwa anajua kuwa ni dhulma tupu.

Hatumtaji mtu wala hatuwahukumu wazee wetu. Nia yao ilikuwa ni kuilinda dini, na kwa nia hiyo tunawaombea malipo mema. Lakini nia njema haiifanyi hoja mbovu kuwa sahihi. Hoja mbili zilitolewa katika kikao kile: ya kwanza kwamba elimu hii inapingana na dini, na ya pili kwamba haina faida. Tunasema kwa uwazi kuwa zote mbili ni batili, na kwamba kuendelea kuziamini kunatugharimu Waislamu wa mkoa wa Lindi kuliko watu wengine wote.

ELIMU HII NI IPI HASA?

Kabla ya kukihukumu kitu ni wajibu kukijua. Historia ya sanaa si somo la kuchonga sanamu. Ni elimu ya kuangalia na kuuliza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwekewa mbele yake jengo, mlango, chungu, mswada au mchoro, naye hutakiwa kujibu maswali: Kimetengenezwa kwa kitu gani? Kwa ufundi upi? Lini? Nani aliagiza kitengenezwe, na nani aligharamia? Kilitumika vipi? Nakshi zake zinafanana na za wapi, na kufanana huko kunaeleza nini kuhusu safari za watu na biashara zao? Hufundishwa kutofautisha nyongeza na asili, na kutofautisha ushahidi na hadithi za vijiweni.

Msomaji wetu akitafakari ataona kuwa mwenendo huu si mgeni kwetu. Maulamaa wa hadithi waliuliza maswali ya namna hiyo juu ya kila riwaya: imetoka kwa nani, amekutana na nani, wapi na lini. Mwanafunzi wa historia ya sanaa hulichunguza jiwe kwa uangalifu ule ule ambao mwanafunzi wa hadithi huichunguza sanadi. Vipi basi tumwambie kuwa amepotea?

AMA KUHUSU HUKUMU YA PICHA

Hatutaki mtu atudhanie kuwa tunalichezea jambo la dini. Makemeo ya Mtume (s.a.w.) kwa wanaotengeneza sura za viumbe wenye roho yamethibiti katika Bukhari na Muslim, na hakuna Muislamu mwenye kuyafanyia mzaha. Lakini makemeo hayo yanamhusu mtengenezaji, na mwenye kuitukuza sura hiyo. Hayamhusu anayesoma habari za watu waliotengeneza. Na Ibn Abbas (r.a.) alipofikiwa na mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya kuchora, alimuelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho, wala hakumwambia aitupe kazi yake yote. Mlango uliofungwa ulibainishwa, na mlango uliobaki wazi pia ulibainishwa.

Tena Qur'ani yenyewe, katika sura zaidi ya moja, inatuamrisha kutembea katika ardhi na kuangalia ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Mtu ataangalia nini akipita katika magofu ya waliotangulia kama si kuta zao, nguzo zao na maandishi yao? Daktari husoma maradhi bila ya kuyapenda. Mwanafunzi wa fiq'hi husoma milango ya riba na kamari bila ya kula riba wala kucheza kamari. Kujua kitu ni jambo moja na kukifanya ni jambo jingine.

Hapa tuseme na jambo ambalo ndugu zetu wa msimamo wa Sunna hulitilia shaka zaidi, nalo ni makaburi. Katika pwani yetu yako makaburi ya kale yenye minara na yaliyopambwa kwa mabakuli ya kaure, kama yale ya Kaole na Kunduchi. Sisi tunapinga kuyaomba, kuyazunguka na kuyafukizia ubani, na tutaendelea kupinga. Lakini kuchunguza kaburi si kuliomba. Bakuli la Kichina lililopachikwa ukutani linamweleza mtafiti wazee wetu walifanya biashara na nani na katika karne ipi. Tena mwenye elimu hiyo ndiye anayeweza kumweleza mwananchi kuwa kile anachokiogopa ni chokaa, matumbawe na sahani, na hivyo kumtoa katika ushirikina kwa hoja badala ya kwa fimbo.

Na yapo masuala ya kweli ambayo kijana atakutana nayo. Somo la historia ni tofauti na kazi ya karakana, na huenda karakana ikamtaka achore asichotakiwa kukichora. Hapo aombe kwa adabu apewe kazi mbadala: khati, nakshi, ramani za majengo. Akinyimwa, ashikamane na dini yake na ashauriane na wenye elimu. Lakini shida ya kipindi kimoja si sababu ya kuifunga fani nzima. Hatukufunga masomo ya udaktari kwa sababu yana kipindi chenye utata.

KILWA IPO MKOA WETU

Sasa tuje kwenye hoja ya pili, kwamba elimu hii haina faida. Tunawauliza wazee wetu: Kilwa Kisiwani ipo wapi? Haiko Misri wala Uajemi. Ipo katika mkoa huu huu wa Lindi ambao ndani yake zimo Nachingwea na Ruangwa. Ni vijana wangapi wa Naipingo waliowahi kuvuka kutoka Kilwa Masoko hadi kisiwani?

Huko kuna Msikiti Mkuu ambao sehemu yake ya zamani zaidi inaanzia karne ya 11 na ya 12, ukapanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abul-Mawahib, yaani mtoaji mwingi. Upanuzi ule ulikuwa wa nguzo za mawe, matao na kuba, kazi iliyohitaji hesabu na mafundi hodari. Katika zama hizo hizo likajengwa kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Mwaka 1331 alifika Kilwa msafiri Ibn Battuta, akausifia mji na ukarimu wa Sultani wake.

Tazameni faida ya elimu tunayoizungumzia. Katika maelezo ya Ibn Battuta yaliyotufikia, nyumba za Kilwa zinatajwa kuwa za miti, ilhali kuta za mawe za zama zake zimesimama hadi leo. Asiyesoma atachagua moja: ama amwite msafiri mwongo, ama ayapuuze mawe. Aliyesoma atauliza maswali: Ni sehemu gani ya mji aliyoiona? Mji wa mawe ulikuwa na nyumba ngapi za miti ambazo zimeoza bila ya kuacha alama? Wanakili wa kitabu walibadilisha nini? Haya ndiyo maswali ambayo mtoto wetu alikuwa anakwenda kufundishwa kuyauliza, nasi tukamfungia mchango.

Kilwa na Songo Mnara viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 vikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa kuwa bahari ilikuwa inazila kuta na miti inazipasua, na havikuondolewa humo hadi mwaka 2014. Miaka kumi msikiti wa wazee wetu ulihesabiwa kuwa mgonjwa mahututi. Katika miaka hiyo, katika misikiti yetu mingapi ya Lindi, Nachingwea na Ruangwa khatibu alipanda mimbari akalitaja jambo hilo? Tujijibu wenyewe.

NANI ANATUSIMULIA HABARI ZETU?

Mtu akiacha kuisimulia habari yake, wengine humsimulia, na humsimulia wanavyotaka. Zama za ukoloni na miaka mingi baadaye, waandishi wengi walidai kuwa miji hii ilijengwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi, na kwamba Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Uchimbaji uliofuata umeidhoofisha kauli hiyo. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, Mark Horton alichimbua chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti ya kabla yake, na ya mwanzo kabisa ilikuwa midogo na ya miti, ya karne ya 8. Maana yake ni kuwa Uislamu ulikua hapa pamoja na wenyeji, kutoka mti hadi jiwe, na haukushushwa kutoka jahazini ukiwa umekamilika. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliotetea kwa nguvu kuwa chimbuko la miji hii ni Waafrika wenyewe. Tunauliza: katika mjadala huu unaohusu misikiti, maandishi ya Qur'ani na majina ya Masultani wa Kiislamu, vijana wetu waliotoka madrasa, wanaosoma Kiarabu cha ukutani bila ya mkalimani, ni wangapi?

Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya khati ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Mwanafunzi wa Naipingo aliyehitimu juzuu zake ana hatua ya kwanza mkononi: herufi anazijua. Kinachomkosekea ni hatua ya pili, ya kujua kuwa Kufi ya maua ni ya zama zipi na inafanana na ya bandari ipi. Hatua hiyo hufundishwa chuo kikuu.

Wala hatuwasamehi wanaotunga vitabu. Kitabu cha E. H. Gombrich kuhusu habari za sanaa, kilichotoka mwaka 1950 na kusomwa na mamilioni, kimeziweka sanaa za Kiislamu na za China katika sura moja fupi, kisha kikarudi Ulaya na kubaki huko. Mtiririko wa vitabu vingi vya mwanzo ni huo huo: Ugiriki, Rumi, Italia, Paris, basi. Mwanafunzi anayetoka mkoa wa Lindi anaweza kuhitimu akilijua kanisa la Chartres nguzo kwa nguzo, na asijue kuwa katika mkoa wake kuna msikiti wa kuba wa karne ya 14.

Tena hata hiyo Ulaya hawaielezi kwa ukamilifu. Ibn al-Haytham aliandika Kitab al-Manadhir mwanzoni mwa karne ya 11, akaeleza jinsi jicho linavyoona. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini, na baadaye mchongaji Lorenzo Ghiberti wa Florence, katika karne ya 15, akanakili mafunzo yake katika maandishi yake mwenyewe. Wanaotufundisha uchoraji wa umbali na ukaribu kana kwamba ulizuka Italia peke yake wanaficha nusu ya habari. Na kuhusu khati, Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, aliipangia herufi vipimo kwa kutumia nukta ya kalamu. Mtu atakayesema kuwa Waislamu hawana sanaa kwa kuwa hawakuchonga sanamu, amjibu nani ikiwa vijana wetu tumewazuia wasiingie darasani?

Haki isemwe hata kwa wasio wetu. Katika Afrika Mashariki walikuwepo waliojitahidi. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930, na kutoka huko akatokea Mtanzania Sam Ntiro, aliyechora maisha ya watu wake na kufundisha Makerere na Dar es Salaam. Profesa Elias Jengo naye amefundisha vizazi vya walimu wa sanaa nchini. Wala kusini kwetu hakukukosa watu: Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alitoka Tunduru, akafariki Dar es Salaam mwaka 1972. Wachongaji wa Kimakonde wanajulikana duniani. Muislamu ana rai yake kuhusu wanachokichonga, na rai hiyo hatuifichi. Lakini rai ya mtu asiyejua anachokizungumzia haina uzito mbele ya wenye akili.

MAKOSA YETU WENYEWE

Ndugu Waislamu, tungekuwa wanafiki kama tungewalaumu wazungu na vyuo tukajiacha. Nani anayebomoa misikiti ya kale ya pwani ili ajenge ya vigae na madirisha ya alumini? Ni kamati zetu. Nani anayeuza milango ya nakshi ya nyumba za wakfu kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale? Ni warithi wetu. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono, kama ile mizuri ya Siyu yenye kurasa za rangi, mingapi imeliwa na mchwa katika masanduku ya nyumba zetu?

Hata tunapotengeneza tunaharibu. Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Kamati ikichangishana na kuupaka saruji kwa nia ya kuuimarisha, unyevu hunaswa ndani, chumvi hukusanyika, na baada ya miaka michache plasta hubanduka pamoja na jiwe lenyewe. Fedha ya sadaka imetumika, thawabu ya nia ipo, na msikiti umeharibika. Fundi akielekezwa na mtu aliyesoma majengo ya kale angerudisha chokaa. Basi anayesema kuwa elimu hii haina faida, akaitazame plasta hiyo.

Na Naipingo je? Huenda mtu akasema kwamba Kilwa ni mbali, sisi ni wa bara. Tunajibu kuwa bara nako kuna habari isiyoandikwa. Mikeka wanayosuka mama zetu ina mistari na pembe zenye hesabu kamili, na kila mtindo una jina lake. Vyungu vya Wamwera vina alama zake. Wilaya hii ilipitiwa na mradi wa karanga wa Waingereza baada ya vita vya pili, ikajengewa reli kutoka Mtwara, kisha mradi ukaachwa mwaka 1951 na reli ikang'olewa. Ni nani amekusanya majina ya mitindo ya mikeka kabla ya wasusi wake kufariki? Ni nani amechora ramani ya misikiti ya mwanzo ya udongo na makuti, akaandika nani aliijenga na kwa mwalimu gani? Hakuna mgeni atakayekuja kutufanyia kazi hiyo. Na akija ataandika anavyoona yeye.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo tunatoa wito ufuatao, na tunauelekeza kwa wenye dhamana mmoja mmoja.

Kamati za misikiti za Nachingwea na Ruangwa: mchango wa elimu utolewe kwa kuangalia bidii na tabia ya mwanafunzi, usinyimwe kwa sababu ya jina la somo lisiloeleweka. Asiyelielewa somo aulize, kwa maana kuuliza ndiyo dawa ya kutojua.

Vyuo vya Kiislamu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro: lifundishwe somo la khati, nakshi na majengo ya Kiislamu, lianze na Kilwa na Kizimkazi kabla ya Damascus na Cordoba. Mtoto aanze kwake.

Vyuo vikuu vya umma: hatuombi hisani. Misingi ya historia ya sanaa inayofundishwa Tanzania na kuacha urithi wa Waislamu wa Tanzania ni misingi yenye ufa.

Na nyinyi vijana: mkienda, msiende kutafuta cheti peke yake. Someni huku mkizishika swala zenu. Mkirudi likizo, njooni na daftari, mkae na wazee wale wale waliowakatalia, muandike wanayoyajua. Msiwalipe kwa kiburi. Wao ndio kitabu chenyewe.

Ama kijana wa Naipingo, alikwenda, kwa korosho za baba yake zilizouzwa maua. Siku moja huenda akasimama mbele ya mihrabu ya Kilwa akawasomea wageni habari za wazee wetu kwa usahihi. Siku hiyo sote tutasema, "Huyu ni mtoto wetu." Tungependa kauli hiyo iwe ya kweli. Msimu mwingine wa korosho utafika, na majina mengine yatasomwa katika vikao vyetu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujaalie kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujaalie kuiepuka. Wabillahi tawfiq.